Afande Kamba

Mhudumu wa mochari alikuwa na daftari na kalamu ya wino mwekundu. Akatusomea kama anayeagiza vitu dukani: suti, shati jeupe, tai, soksi, viatu. Halafu akainua kichwa. "Viatu vyake namba ngapi?"

Tulikuwa wanne kati ya watoto watano pale mlangoni, watu wazima, wawili wetu tayari tuna mvi. Tukatazamana. Kaka mkubwa akasema arobaini na mbili. Dada akasema arobaini na nne. Mimi nikanyamaza kwa sababu sikuwa hata na namba ya kubahatisha. Miaka miwili ya mwisho miguu ya baba ilivimba kwa ugonjwa wa moyo, akawa haachi malapa, na buti zake za zamani nyuma ya mlango wa jikoni zilikuwa zimelika soli hadi namba imefutika.

Mhudumu aliona aibu kwa niaba yetu. Akasema tutamletea jibu kesho.

Nimeanza na hilo kwa sababu liliniuma kuliko mengine yote ya wiki ile. Baba alikuwa anaijua miguu yetu, mmoja mmoja, kwa tofauti ya unene wa ukucha.

Alikuwa mwanajeshi. Aliingia Jeshi la Kenya mapema miaka ya sabini, akastaafu mwisho wa mwaka 2000, na katikati hapo alivaa bereti ya samawati ya Umoja wa Mataifa mara tatu: Namibia, iliyokuwa Yugoslavia, na Sierra Leone. Alipokuwa hayuko nchi za watu alikuwa kambini, na kambi zote alizowahi kupangiwa zilikuwa mbali na kwetu. Sisi tulibaki Taita na mama, milimani juu ya Wundanyi, kwenye shamba la matuta ambalo ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani.

Kwa hiyo tulimjua baba kwa likizo. Alishuka kwenye treni Voi usiku wa manane, akangoja matatu ya kwanza, akapita Mwatate, akapanda kona zote zile, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa uani na sanduku lake la bati. Siku mbili za kwanza alikuwa mgeni kweli. Alizunguka nyumba akikagua. Mbona kuni zimepangwa hivi, mbona ndoo haina kifuniko, nani kaweka jembe kwenye mvua. Mama alimwacha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema Waswahili, na mama hakuichukua kama methali. Asubuhi ya siku ya tatu jembe lilikuwa limesimamishwa kando ya kikombe chake cha chai. Akilishika tu, ukaguzi unakwisha na baba anakuwa amefika.

Sasa kamba, zile baba alizotupimia miguu.

Usiku wa kuamkia safari ya Namibia, mwaka 1989, alitupanga sakafuni peku kwa mfuatano wa kuzaliwa. Mkononi alikuwa na kamba nyembamba ya katani. Pale chini Mwatate mkonge umelimwa hadi macho yanachoka, kwa hiyo katani kwetu haikuwa kitu cha kununua. Aliibana chini ya kisigino chako kwa kidole, akaivuta hadi ncha ya kidole gumba, akakata kwa kisu. Kisha akafunga mafundo: kifungua mimba fundo moja, mimi mawili, na kuendelea hadi kitinda mimba mwenye matano, ambaye kamba yake ilikuwa fupi kiasi kwamba mafundo yaliimaliza karibu yote. Ya mama haikuwa na fundo. Akazikunja kamba zote sita, akazitia kwenye mfuko wa shati la sare, akafunga kifungo.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilichojua kuhusu Namibia ni kwamba mwalimu wetu aliichora ubaoni akasema ndiyo iliyobaki bila uhuru. Afrika Kusini iliichukua kutoka kwa Wajerumani mwaka 1915 na ikakataa kuitoka. Azimio namba 435 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la kuipa Namibia uhuru, lilipitishwa mwaka 1978, likakaa miaka zaidi ya kumi likingoja, mpaka tarehe 1 Aprili 1989 ndipo kazi ikaanza. Batalioni za miguu zilikuwa tatu tu: ya Finland, ya Malaysia na ya Kenya. Naibu kamanda wa majeshi yote alikuwa Mkenya, Daniel Opande, na hilo baba alilitaja kila alipopata nafasi, kana kwamba ni mtoto wa shangazi yake.

Barua zilichukua wiki nyingi. Ya kwanza ilikuwa na sentensi moja iliyotuchekesha mwaka mzima: nilidhani tumevuka nchi sita, kumbe wamenizungusha wakanirudisha Maungu, nyikani kule chini ya milima yetu. Vichaka vya miiba, vumbi, mbuzi, na usiku baridi inayokata mifupa.

Kuhusu kazi yenyewe alikuwa na hadithi moja tu, na aliisimulia mpaka uzeeni. Uchaguzi ulianza tarehe 7 Novemba ukaisha tarehe 11, na zaidi ya asilimia 97 ya waliojiandikisha walipiga kura. Kituo alichokuwa analinda kilipata foleni kabla ya alfajiri. Mzee mmoja alikuja na kigoda chake, akasogea nacho hatua kwa hatua, akapiga kura, akatoka, akaenda kukaa tena mkiani mwa foleni. Baba akamfuata, akamweleza kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza kwamba mtu anapiga mara moja tu. Mzee akamjibu kwamba anajua, yeye hataki kupiga kura, anataka kupanga foleni. Wakamwacha. Alipanga mara tatu siku hiyo.

Tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru, na wiki chache baadaye sanduku la bati likafunguliwa sebuleni kwetu. Viatu vya ngozi, vyeusi, vinanukia dukani. Jozi sita, kila jozi na kamba yake imefungwa kwenye gidamu. Tukavaa.

Havikuingia. Wote watano. Ulikuwa umepita mwaka mzima, na baba alikuwa amebeba miguu ya mwaka uliopita. Viatu vya mama tu ndivyo vilivyokaa sawasawa, na mama alicheka hadi akakaa chini, viatu vipya miguuni. Baba hakucheka. Alishika kamba yangu, akaiweka tena chini ya mguu wangu, akatazama pale ilipoishia na pale kidole kilipofika. Nafasi iliyobaki ilikuwa kama upana wa kidole changu kidogo. Aliitazama muda mrefu sana kwa kitu kidogo hivyo.

Viatu vilishuka ngazi: vyangu vikaenda kwa mdogo wangu, vyake kwa aliyemfuata. Kaka mkubwa aliambulia kamba tu.

Aliporudi nje ya nchi mara ya pili, mwaka 1992, safari ya iliyokuwa Yugoslavia, alikuwa amefanya hesabu. Alipima, halafu akaongeza: kidole kizima kwa walio chini ya miaka kumi, nusu kidole kwa wakubwa. Mama akamuuliza hiyo kanuni kaipata wapi. Akasema amewapima watoto wa jirani mara mbili, mwaka kwa mwaka, bila kuwaambia ni ya nini.

Batalioni ya Kenya ilipelekwa Sekta ya Kusini, upande wa Knin, eneo la Kroatia lililokuwa mikononi mwa Waserbia. Kutoka huko baba hakuandika sana. Alituma kaseti. Upande wa kwanza alizungumza na mama, na huo hatukuruhusiwa kuusikia. Wa pili alizungumza nasi kwa zamu, dakika chache kila mmoja, akiuliza maswali na kuacha kimya kidogo kama anayesubiri jibu. Kitinda mimba alikuwa akijibu kweli, kwa sauti, mbele ya redio. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mluzi usiokatika. Ni upepo wa huko, wanauita bura, unashuka kutoka milimani kwenda baharini wakati wa baridi na, alivyosema baba, unaingia hata ndani ya soksi. Theluji aliieleza kwa maneno mawili: jivu baridi.

Kaseti hizo zilikuwa tatu. Imebaki moja na nusu. Mimi ndiye niliyerekodi nyimbo za redio juu ya iliyobaki, nikiwa kidato cha kwanza, na sina la kujitetea.

Kitu kilichomgusa kule kilikuwa kuta. Watu wa sehemu zile wamejenga kuta za mawe makavu milimani, bila udongo wala saruji, kuzuia ardhi isiondoke, na baba aliyekulia kwenye matuta ya Taita alizitazama kama mtu aliyekutana na ndugu. Ukutani kwa bibi mmoja mzee karibu na kituo chao mawe yalikuwa yameporomoka, na baba na vijana wake wawili wakayapanga upya siku ya mapumziko. Bibi akawapa kabichi iliyochachuliwa kwenye pipa. Baba alisema ilikuwa mbaya kupita maelezo, wakaila yote.

Agosti 1995 baba alikuwa nyumbani likizo. Redio ikasema jeshi la Kroatia limeuchukua Knin, na kwamba Waserbia wa eneo zima wanakimbia, maelfu kwa maelfu, kwa matrekta na mikokoteni. Baba alikuwa anakunywa uji. Akaweka bakuli chini. Mama akamuuliza kuna nini, akasema, "Yule bibi hana trekta." Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona ameacha chakula.

Ndipo nilipoelewa kwa nini aliipenda Namibia. Si kwamba Wanamibia walikuwa wema kuliko wengine. Ni kazi pekee aliyoiona ikianza na ikaisha. Kwingine alikuja katikati na kuondoka katikati, na askari wa amani anayeondoka katikati hulaumiwa na pande zote mbili, wakati mwingine kwa haki. Baba hakuwahi kubishana na wanaosema Umoja wa Mataifa ulishindwa. Walipomwita shujaa ndipo alipokasirika. Alisema kazi yake ilikuwa kusimama mahali fulani, na kwamba hata mti unasimama.

Niseme na hili, maana kwenye mazishi watu huogopa kutaja pesa: marupurupu ya misheni yalitujenga. Nyumba ya matofali tunayoishi majirani wanaiita Windhoek, kama mji mkuu wa Namibia, mpaka leo, na tangi la maji wanaliita Yugo. Mtoto wa jirani akitumwa anaambiwa nenda Yugo ukachote. Kina baba wengi waliomba kwenda kwa sababu hiyo, baba akiwemo, na sioni inampunguzia nini.

Sierra Leone nitaipita haraka, kwa sababu yeye mwenyewe aliipita haraka. Makubaliano ya amani yalitiwa sahihi Lomé mwaka 1999, na vikosi vikatumwa kwenda kukusanya silaha kutoka kwa waasi wa RUF. Wakenya walikuwa Makeni na Magburaka. Mwanzoni mwa Mei 2000 waasi wakavishambulia vituo, na ndani ya siku chache askari wa amani karibu 500 wakashikwa mateka. Sisi tulikuwa na Idhaa ya Kiswahili ya BBC na simu ya posta Wundanyi. Idadi ya waliouawa ilibadilika kila taarifa. Mama alihamishia redio jikoni, akapika vyakula ambavyo hakuna aliyekula, na jioni ya tatu nikamkuta amekaa na kamba yake isiyo na fundo, ile ya zamani, ameizungusha kidoleni.

Safari hiyo baba alikuwa amempima kitinda mimba peke yake. Sisi wengine tulishakuwa na miguu ya kudumu. Wenzake na yeye walijitoa Makeni na walichovaa, mizigo ikabaki. Alirudi amekonda, bila sanduku, bila kiatu hata kimoja cha zawadi. Alipofungua mfuko wa shati, ile kamba yenye mafundo matano ilikuwa ndani, imegeuka rangi kwa jasho. Akampa mwenyewe. "Nitakulipa," akamwambia. Kijana alikuwa na miaka kumi na tano na ndevu zinaanza. Akaipokea kwa mikono miwili.

Mwisho wa mwaka akastaafu. Wengi hudhani mtu aliyekaa mbali hivyo hurudi kuwa mgeni kwake, na mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo. Hakukaa akiupa mlango mgongo. Aliamka saa kumi alfajiri akawa hana la kufanya. Mama alimpa jembe, na jembe likaisha kazi saa mbili asubuhi. Kilichomwokoa ni bomba la maji la kijiji. Watu walikuwa wakigombana pale kila asubuhi, ndoo zikirushwa, na siku moja baba akaenda na kigoda, akakaa pembeni, akaanza tu kusema nani kaja baada ya nani. Hakuchaguliwa na mtu. Miaka iliyofuata ndiye aliyekuwa mweka foleni, na kina mama waliomcheka mwanzoni ndio waliompelekea uji alipougua.

Alijifunza kupika kimanga, chakula chetu Wataita, akakiharibu mara nyingi, akakipata. Wajukuu walipoanza kuja aliwasimamisha peku sakafuni hata kama hana safari yoyote. Wao walidhani babu zote hufanya hivyo.

Turudi kwenye matanga. Siku mbili kabla ya mazishi waliingia uani wazee saba wamevaa suti na bereti, wameshuka pamoja kutoka gari moja, wakatembea mstari mmoja bila kuambiana. Mmoja akanishika mkono. "Nyinyi ndio watoto wa Kamba?"

Jina hilo tulilijua tangu utotoni. Wanajeshi wenzake walipopita nyumbani walimwita Kamba, Afande Kamba, nasi tukaamua miaka mingi iliyopita kwamba walidhani ni Mkamba, kwa vile Wakamba jeshini ni wengi na huko kila mtu hupewa kabila la jirani yake. Nikamjibu kwa heshima: "Ndiyo, mzee, lakini baba ni Mtaita."

Yule mzee akacheka hadi bereti ikasogea. "Nani kasema Mkamba, mwanangu? Kamba hii!" Akanyoosha vidole viwili hewani, kama anavuta uzi.

Akanieleza. Kule Knin vijana wa platuni walimwona akipanga kamba zake kitandani, wakamcheka. Mwezi uliofuata mmoja akamwandikia mkewe amletee kamba za watoto ndani ya bahasha. Kisha mwingine. Mwishowe baba alikuwa na mkebe wa biskuti umejaa kamba za watoto wa watu, kila moja na kikaratasi cha jina, na alipopata nafasi ya kwenda Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, alizunguka madukani siku nzima akipima viatu vya watoto ambao hajawahi kuwaona. Aliwaongezea wote kidole au nusu kidole, kulingana na umri. "Binti yangu alivaa vile viatu hadi vikaisha," akasema. "Vilimkaa siku niliyofika. Siku ileile."

Nakiri niliona wivu. Kwa dakika nzima, katikati ya matanga, mtu mzima mimi. Nilidhani kamba zilikuwa zetu.

Viatu vya baba tulivipata hivi. Tulipotoka mochari siku ile na swali letu, mama alikuwa uani anachambua maharage na wanawake. Tukamwambia. Hakusema kitu. Aliingia jikoni, akakata kipande cha katani kwenye kamba ya kufungia mbuzi, akaosha mikono. Asubuhi akamwambia kaka amshike mkono, wakaingia wawili. Hakukubali mtu mwingine apime. Kaka anasema alibana kisigino kwa kidole vilevile, akavuta hadi kidole gumba, akakata, akauliza, "Niongeze?" Halafu akajijibu mwenyewe kwamba hapana.

Ilikuwa arobaini na tano. Hakuna kati yetu aliyekaribia.

Baada ya mazishi, wageni walipopungua, mama alituletea ule mkebe wa biskuti. Chini kabisa kulikuwa na medali zake tatu za Umoja wa Mataifa, kila moja imeandikwa nyuma kwa Kiingereza kwamba ni katika huduma ya amani, zimewekwa pale kama uzito wa kuzuia karatasi. Juu yake kamba za 1989, za 1992, ile moja iliyotoka Makeni, na za wajukuu ambazo hatukujua kwamba alizihifadhi. Mama akatia ya baba juu ya zote. Haikuwa na fundo.

Nikamuuliza tutaitofautishaje na yake, nayo haina.

Alinitazama kama aliyesikia swali la kipumbavu. "Mimi mguu wangu umewahi kuwa mkubwa hivyo?"